Mji Mkongwe kabla ya masika: simulizi ya safari ya chokaa, boriti na maji ya mvua

Jumatatu

Boti ya kutoka Dar es Salaam huchukua takriban saa mbili kufika Unguja, na dakika za mwisho za safari hiyo humpa msafiri nafasi nzuri ya kuutazama Mji Mkongwe kabla hajaingia ndani yake. Kando ya bahari, kuanzia Mizingani hadi Forodhani, yamejipanga majengo makubwa yanayojulikana na kila mtu: Zahanati ya Zamani yenye roshani za mbao, kasri la masultani, jumba la Beit el Ajaib, na Ngome Kongwe ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwaondoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Majengo hayo ndiyo yanayochapishwa kwenye kadi na vitabu vya watalii, lakini si yaliyonileta. Familia ya rafiki yangu ina nyumba ya urithi katika mtaa wa Kiponda, na iliniomba niikague pamoja na fundi wao wa siku nyingi, kisha niwaandikie maelezo yatakayowasaidia kuamua kipi kitangulie kabla mvua za masika hazijaanza mwezi wa Machi.

Nilitembea kwa miguu kutoka bandarini, nikapita Malindi na kuingia Kiponda kupitia vichochoro, nikitazama juu zaidi kuliko mbele, kwa sababu maradhi ya nyumba za mawe huanzia juu. Eneo lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 lina ukubwa wa hekta 96 tu, lakini ndani yake zimekutana mila kadhaa za ujenzi ambazo jicho likizoea huzitambua kwa haraka. Ziko nyumba za Kiomani zenye kuta nene, madirisha machache upande wa njiani na ua wa ndani unaoleta hewa na mwanga. Ziko nyumba za wafanyabiashara kutoka Gujarati na Kachchh, zilizojengwa duka chini na makazi juu, na roshani inayotokeza barabarani. Ziko pia nyumba za Waswahili zenye baraza za mawe nje ya mlango, ambako hadi leo watu hukaa wakazungumza, wakacheza bao na kusubiri adhana. Nyingi kati ya hizo zilijengwa katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said, sultani wa Omani, kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati na biashara ya karafuu na pembe kuufanya mji huu kuwa bandari kubwa ya pwani yetu.

Uzuri wake unajulikana, na sitaurudia. Nilichokiandika kwenye daftari siku hiyo ni dalili. Katika nyumba moja ya ghorofa tatu, mfereji wa bati uliokatika ulikuwa umechora mstari wa kijani kibichi kutoka paani hadi kwenye baraza, kila tone la mvua likifuata njia ileile ya masika yaliyotangulia. Katika nyumba ya jirani yake, mche wa mkuyu ulikuwa umeota kwenye ufa chini ya paa, mbegu yake bila shaka ikiwa imeletwa na ndege, na mizizi yake ilikwisha kutawanya mawe mawili ya pembeni. Mbele kidogo, mashine za kupoza hewa zilikuwa zimefungwa ukutani zikidondosha maji mchana kutwa kwenye lipu. Hakuna hata dalili moja kati ya hizo iliyohitaji fedha nyingi kuiondoa siku ilipoanza. Mche wa mkuyu wenye majani manne hung'olewa kwa mkono, ukifikia unene wa kifundo cha mguu huondoka na ukuta.

Jumanne

Asubuhi nilikwenda Forodhani, kwa kuwa haiwezekani kuzungumzia uhifadhi wa majengo ya Zanzibar bila kusimama mbele ya Beit el Ajaib. Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alilijenga mwaka 1883 kama jumba la sherehe, likiwa na nguzo za chuma cha kusubu zinazobeba vibaraza vipana pande zote, na kwa muda mrefu lilikuwa jengo refu kuliko yote katika eneo hili la Afrika. Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilipoushambulia upande huu wa mji kwa mizinga kwa muda usiofika hata saa moja, majengo ya jirani yalibomolewa lakini Beit el Ajaib lilibaki limesimama, na baada ya hapo lilitengenezwa likaongezewa mnara wa saa mbele yake. Jumba lililostahimili mizinga halikustahimili maji na kutu. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka, na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha.

Nilisimama hapo kwa muda mrefu. Wapo wanaolihesabia anguko hilo kama hasara ya jengo, na ni kweli ni hasara kubwa, lakini mimi kila nikilitazama nawafikiria kwanza wale waliofariki, na ninaona kwamba uhifadhi wa nyumba za kale ni suala la usalama wa watu kabla ya kuwa suala la kumbukumbu. Katika vichochoro vya mji huu watoto hupita chini ya roshani zilizooza wakienda madrasa, na familia hulala chini ya dari ambazo boriti zake zimekatika. Anayeuona uhifadhi kama anasa ya watu wanaopenda milango ya nakshi hajawahi kulala usiku wa mvua katika chumba cha namna hiyo.

Historia ya namna nyumba hizi zilivyofikia hali hiyo inahitaji kuelezwa kwa uadilifu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, wamiliki wengi waliondoka au walinyang'anywa, serikali ikachukua majumba mengi, na vyumba vikagawiwa kwa familia ambazo nyingi hazikuwa na makazi bora. Kwa waliopewa, yalikuwa mabadiliko makubwa ya maisha na sioni sababu ya kuyabeza. Tatizo ni kwamba kodi iliyokuwa ikitozwa haikuweza kugharimia matengenezo, na nyumba yenye familia tano au sita chini ya paa moja haikuwa na mtu mmoja aliyejiona anawajibika kwa mfereji uliokatika. Kufikia miaka ya 1980 nyumba zilikuwa zikianguka mara kwa mara. Mwaka 1985 ndipo ilipoundwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na katika miaka ya 1990 ukaandaliwa mpango wa uhifadhi kwa ushirikiano na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, mpango ambao uliangalia jengo moja baada ya jingine. Leo mtu hawezi kihalali kuongeza ghorofa, kubadilisha uso wa nyumba au kubomoa bila kibali cha Mamlaka hiyo. Kibali, hata hivyo, humzuia mtu kufanya baya tu. Hakiwezi kumlazimisha kupanda paani kila mwaka kusafisha mifereji, na hiyo ndiyo kazi inayookoa nyumba.

Jumatano

Fundi alinikuta kwenye baraza ya nyumba ya Kiponda baada ya sala ya alfajiri, akiwa na nyundo ndogo, msumari mrefu wa inchi sita na tochi. Hakubeba kitu kingine. Ni mwashi aliyejifunza kwa babake, na wanafamilia wote, hata wale waliomzidi umri, humwita Fundi. Tulipiga hodi, bibi mwenye nyumba akatukaribisha kutoka juu, tukapanda kumwamkia kwanza, tukanywa kahawa, kisha ndipo kazi ikaanza.

Ili kuielewa nyumba hii inabidi kuielewa boriti. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene wake ukizidi nusu mita, na juu ya kuta hizo zimelazwa boriti za mkoko zilizopangwa karibu karibu, zikabeba mawe bapa, na juu ya mawe ikamiminwa na kushindiliwa zege ya chokaa. Boriti nzuri ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi ya zaidi ya takriban mita tatu bila kupinda. Kwa hiyo kila chumba katika nyumba za aina hii ni chembamba na kirefu, na ngazi, ukumbi na ghorofa zote hutii kipimo hicho. Mwenye kutaka sebule pana hubomoa ukuta wa kati, na mara anapoubomoa anakuwa ameondoa kinachobeba dari mbili.

Fundi alianzia chini. Aligonga ukuta wa ukumbi kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, akiteremka hadi sakafuni. Kuanzia usawa wa kifua kushuka chini, mlio ulibadilika ukawa wa kitu kitupu. Hapo palikuwa pamepigwa lipu ya saruji miaka kadhaa iliyopita, na juu tu ya mpaka wake rangi ilikuwa imevimba na kupasuka, ikiacha unga mweupe uliobaki kwenye vidole nilipougusa.

"Unyevu ulikuwa chini hapa," bibi alisema. "Tukapiga saruji, ukahamia juu."

"Haukuhamia, bibi," Fundi alimjibu kwa upole. "Umezibiwa mlango, unatafuta mwingine."

Nieleze jibu hilo kwa kirefu, kwa sababu ndani yake mna nusu ya elimu yote ya kutunza nyumba za mawe. Jiwe la matumbawe lina matundu mengi, na hunyonya maji kutoka ardhini na kutoka kwenye mvua. Lipu ya chokaa nayo ina matundu, hivyo maji yaliyoingia ukutani hutoka tena kupitia usoni mwa ukuta na kukauka kwa upepo. Saruji ni ngumu na inaziba. Maji yakikosa njia ya kutokea hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, yakibeba chumvi iliyomo katika matumbawe na katika ardhi ya pwani, na yanapofika mahali pa kukaukia chumvi hiyo huganda na kuvimba, ikavunja jiwe kuwa unga. Ukuta unaoonekana imara nyuma ya saruji huenda umekwisha kugeuka mchanga kwa ndani. Fundi alibandua kipande kimoja cha lipu, kikubwa kiasi cha sinia, na nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa kabisa ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Chokaa iliyokuwa ikiyashika ilichotwa kwa kidole.

Ghorofani hali ilikuwa tofauti. Kuta zilikuwa kavu, lipu ya zamani bado imeshika, na vidaka vya ukutani vilikuwa na pembe kali kana kwamba vilimalizwa jana. Kwenye chumba cha nyuma ndipo tulipokuta hatari. Bati moja la paa lilikuwa limetoboka kwa kutu juu ya ukuta wa magharibi, na maji yalikuwa yakiingia mahali ambapo ncha za boriti zimeingia ukutani. Fundi aliziangazia tochi moja baada ya nyingine, akakandamiza msumari wake kwenye kila ncha. Boriti ya mkoko iliyo nzima haikubali msumari unaosukumwa kwa mkono. Katika nne mfululizo msumari uliingia hadi nusu bila sauti yoyote. Hakusema neno, alimwomba tu bibi kwa heshima asitumie chumba kile, wala kile kilicho chini yake, hadi nguzo za kuegemeza zitakapowekwa, na jioni hiyohiyo wajukuu walihamisha kitanda na makabati.

Alhamisi

Tulitoka mjini kwenda kusini mwa kisiwa, kwenye kijiji ambako Fundi hununua chokaa yake. Nilitaka kuiona inavyotengenezwa, kwani mazungumzo mengi kuhusu uhifadhi huishia kwenye vibali na michango huku watu wachache mno wakijali kama nyenzo yenyewe itaendelea kupatikana.

Tanuri la chokaa hapa si jengo. Ni rundo la duara lililopangwa juu ya ardhi: magogo ya minazi na miti mingine yamelazwa kama spoku za gurudumu, tabaka juu ya tabaka, katikati pameachwa tundu la kuwashia moto, na juu yake yamepangwa mawe ya matumbawe yaliyopasuliwa ukubwa wa ngumi na zaidi. Aliyelijenga alituonyesha jinsi anavyochagua mawe, meupe na mepesi yakiwekwa karibu na moto, mazito pembeni. Rundo tulilolikuta lilikuwa limekwisha kuungua na kupoa. Mawe yalikuwa na umbo lilelile yalilokuwa nalo kabla ya moto, lakini nilipoliinua moja nilishangazwa na wepesi wake, maana moto wa nyuzi 900 hivi humtoa jiwe hewa ya kaboni iliyokuwa imefungwa ndani yake na kuacha chokaa isiyozimwa.

Kisha akamwagia maji sehemu ya rundo. Kwa muda mfupi hapakutokea kitu. Halafu mawe yakaanza kulia, yakapasuka, mvuke ukapanda, na mbele ya macho yetu yakaporomoka yakawa unga mweupe laini, joto lake likitufikia tulipokuwa tumesimama. Unga huo huchekechwa, na kwa kazi nzuri huwekwa shimoni pamoja na maji, ukakaa miezi kadhaa hadi uwe mlaini na wenye kunata. Ukichanganywa na mchanga na kupigwa ukutani, chokaa hurudi polepole kuvuta kutoka hewani ile kaboni iliyoipoteza motoni, na hatimaye huwa jiwe tena. Kwa hiyo haina haraka. Mwashi wa chokaa hulowesha ukuta kabla ya kupiga lipu, huupiga kwa tabaka nyembamba, huiacha kila tabaka ishike kabla ya kuongeza nyingine, na huikinga kwa magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiikaushe ghafla.

Fundi hutumia sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga, akiongeza udongo mwekundu uliochekechwa pale anapojenga mawe. Nilimuuliza kuhusu mafundi wanaotia saruji kidogo ili kuharakisha. Alikubali kwamba wapo wengi, na kwamba mwenye nyumba huridhika kwa sababu kazi huisha kwa wiki badala ya mwezi, lakini yeye hupita mitaani akaona kuta hizo baada ya masika mawili, na hana hamu ya kuacha jina lake kwenye ukuta wa namna hiyo.

Lipo jambo la mazingira ambalo halifai kupuuzwa. Tanuri hula miti, na boriti zinatoka kwenye mikoko, ambayo ukataji wake unadhibitiwa kwa sababu ndiyo inayokinga fukwe na kulea samaki wachanga. Sikubaliani na wanaosema kwamba hiyo ni hoja ya kuachana na ujenzi wa kale. Nyumba inayotunzwa vizuri hubadilishiwa boriti chache baada ya miaka mingi. Inayoharibu mikoko ni nyumba iliyoachwa ikavuja hadi dari nzima ikalazimika kujengwa upya.

Ijumaa

Nilisali Malindi, kisha nikapata muda wa kuutazama kwa utulivu Msikiti wa Malindi wenye mnara wa duara unaokwenda ukipungua juu, umbo ambalo ni nadra katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Umepakwa chokaa nyeupe na hauna mapambo mengi.

Mchana ulipita katika mazungumzo kuhusu wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliwekwa wakfu na wenyewe, kodi yake ikikusudiwa kuutunza msikiti fulani, kuwasaidia maskini au kuwanufaisha watu wa ukoo, na leo usimamizi wa mali hizo uko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wafanyabiashara na wakwasi wa zamani walielewa jambo ambalo wafadhili wa siku hizi hulisahau, kwamba jengo linahitaji kipato kidogo kisichokatika kuliko fungu kubwa linalotolewa mara moja. Endapo kodi ya nyumba ya wakfu itabaki chini mno kuliko gharama ya kuitengeneza, nia ya aliyeweka wakfu haitimii, hata kama karatasi zote ziko sawa. Nilisikia maoni haya kwa wazee watatu tofauti, na ninayaunga mkono.

Jumamosi

Siku hii niliitoa kwa mbao. Mlango wa nyumba ya Kiponda ni wa Kihindi, wenye mabawa yanayokunjwa na misumari mikubwa ya shaba. Kuanzia kwenye kizingiti cha juu hadi kwenye mfaa, yaani ubao wa katikati, umejaa nakshi za maua na mnyororo, lakini miimo yake, zile nguzo za pembeni, imeanza kuoza chini, mahali maji ya njiani yanaporukia. Mtu alikwisha kuifikia familia akitaka kuununua wote na kuwawekea mpya. Milango ya namna hii imekuwa ikiondoka katika mji huu kwa miaka mingi, na mlango ukishang'olewa kwenye ukuta wake huacha pengo ambalo halijazwi na nakala.

Tulimpeleka seremala aukague. Alichuchumaa, akakwaruza uozo kwa patasi hadi akafikia mti mzima, akapima kwa kiganja, akasema kilichooza ni kama shubiri moja na nusu tu. Atakata kwa mshazari, ataunga kipande cha mti uleule wa msaji kwa ulimi na vigingi vya mbao bila msumari wa chuma, na nakshi iliyo juu haitaguswa. Alituonyesha karakanani kwake miimo mingine aliyoiunga hivyo. Kiungo kinaonekana ukikitafuta, kwa kuwa mti mpya ni mweupe zaidi, na yeye hataki kuuficha kwa rangi. Nilimpenda kwa hilo. Ukarabati mwaminifu huacha kipya kijulikane kuwa kipya.

Baadaye tulishuka hadi Mizingani kuziangalia roshani za Zahanati ya Zamani. Jiwe la msingi la jengo hili liliwekwa mwaka 1887 kwa gharama ya Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia, na lilikuwa katika hali mbaya kabisa kabla ya Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni kulikarabati miaka ya 1990. Mbao zake zilizochongwa kama ushonaji na vioo vyake vya rangi vinashuhudia kwamba mafundi wa kazi hiyo walikuwapo hapahapa na wengine waliweza kufundishwa. Ninalitaja si kwa fahari yake tu, bali kwa sababu kazi ile ilikuwa pia darasa, na mafundi waliopitia miradi ya namna hiyo ndio wanaoitwa leo kwenye nyumba za watu wa kawaida.

Neno kuhusu hoteli. Utalii umeokoa nyumba kadhaa ambazo zingekuwa vifusi, na wanaoukataa moja kwa moja hawaelezi fedha nyingine zitoke wapi. Ila nyumba iliyojengwa kuwa na choo kimoja au viwili, ikiwekewa bafu katika kila chumba na matangi ya maji juu ya paa, hubebeshwa uzito na unyevu ambao kuta zake hazikuujua, na bomba linalovuja ndani ya ukuta wa matumbawe hufanya kazi ya uharibifu usiku na mchana bila kuonekana. Aidha, mtaa ambao nyumba zote zimekuwa za wageni hukosa jirani wa kuona ufa mpya na kumpigia mwenye nyumba simu. Kiponda bado ina majirani hao. Ndio waliomweleza bibi kuhusu bati lililotoboka, kwa kuwa wao wanaliona paa lake kutoka roshani yao.

Jumapili

Familia ilikusanyika ukumbini baada ya sala ya adhuhuri, waliopo Unguja wakiwa wamekaa na walio nje wakishiriki kwa simu. Niliwasomea maelezo yangu, Fundi akijibu maswali. Mmoja wa warithi alipendekeza waongeze ghorofa ya kupangisha ili ipatikane fedha ya matengenezo. Pendekezo lilikuwa la nia njema, na lilijibiwa kwa heshima: Mamlaka haitaruhusu, na hata kama ingeruhusu, kuta za chini zilizolowa haziwezi kubeba mzigo mwingine. Mwingine aliuliza kwa nini wasianze na ukuta wa mbele, ambao ndio unaoonekana na wapita njia na ambao rangi yake inatia aibu.

Bibi ndiye aliyelikata shauri. Alisema kwamba yeye halali mbele ya nyumba, analala chini ya paa.

Mpangilio uliokubaliwa ni huu. Kwanza, chumba cha nyuma kitaegemezwa kwa nguzo kesho asubuhi, na barua ya kuomba kibali itapelekwa kwenye Mamlaka siku hiyohiyo pamoja na picha na vipimo. Kibali kikipatikana, mabati ya upande wa magharibi yatabadilishwa na mifereji yote kurudishiwa miteremko yake, kazi ambayo lazima ikamilike kabla ya masika. Boriti nne zilizooza zitatolewa na kuwekwa nyingine zenye unene uleule, ncha zake zikipakwa lami na kuachiwa nafasi ya hewa ndani ya ukuta. Saruji ya ukumbini itabanduliwa yote, lakini lipu mpya haitapigwa sasa: ukuta utaachwa wazi msimu mzima ili ukauke, jambo ambalo liliwatia wasiwasi waliofikiria wageni wa sikukuu, hadi Fundi alipowaambia kwamba kupiga chokaa juu ya ukuta uliolowa ni kutupa fedha. Mlango hautauzwa. Gharama zitagawanywa kwa mafungu ya urithi, na kila mwezi kila mrithi atatoa kiasi kidogo kiwekwe kwa ajili ya paa pekee.

Fundi aliongeza sharti lake mwenyewe. Chokaa ya lipu ya ukumbini ilipiwe sasa na kuwekwa shimoni uani, ili ifikapo wakati wa kuitumia, baada ya masika, iwe imekaa vya kutosha. Na mjukuu wa bibi anayesomea uhandisi wa ujenzi awe anaikoroga na kuiongezea maji mwenyewe kila wiki, kisha apige naye tabaka la kwanza. Binti huyo aliuliza shimo liwe na kina gani. Fundi alimwambia lifike kiunoni mwake, wakatoka wote wawili kwenda uani kuchagua mahali.